Daraja Lililoandikwa Kuanguka

Chuoni walimwita Hakiki, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa kichwa dirishani kwanza ndipo akuamini. Mwaka wake wa mwisho wa uandishi wa habari alichagua utafiti uliowachekesha wenzake: kulisoma gazeti la mji wao, toleo kwa toleo, miezi sita mfululizo, akiandika kando kila jina lililokosewa na kila habari isiyo na shahidi. Mama yake, muuguzi, alikuwa akirudi kazini anamkuta sakafuni, magazeti yamemzunguka kama mtu anayetaka kupaka rangi chumba.

"Na hilo gazeti lina nini la kusomwa mara mbili?" mama aliuliza siku moja.

"Ndicho ninachotafuta, mama."

Alichokipata upesi ni kwamba nusu ya habari zilitoka mahali pamoja, ukurasa wa mtandaoni ulioitwa Jicho la Mtaa. Kinyozi mmoja ndiye aliyeuendesha kwa simu yake, kati ya kichwa na kichwa. Wananchi walituma, kinyozi akarusha, gazeti likanakili mpaka makosa ya herufi.

Jumatatu moja gazeti likatoka na kichwa kikubwa: DARAJA LA MIGUU LAPOROMOKA. Fundi cherehani mmoja, habari ilisema, alianguka nalo akaumia mguu. Hakiki akaandika kando: "Chanzo ni Jicho la Mtaa. Hakuna mwandishi aliyefika." Asubuhi iliyofuata akaenda mwenyewe.

Daraja lilikuwa limesimama.

Lilikuwa daraja la chuma lililovuka korongo refu, rangi ya kijani imebabuka kwenye vishikio. Halikuwa na ufa wala skrubu iliyolegea. Ila hapakuwa na mtu juu yake. Watu walikuwa wakishuka korongoni, viatu mkononi, wakivuka tope na kupanda upande wa pili wakihema. Daraja lilipita juu ya vichwa vyao na hakuna aliyeinua uso kulitazama.

Alimkuta fundi cherehani barazani kwake, mguu umefungwa bendeji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nguo?"

"Hapana, nimekuja kwa habari ya daraja."

"Aa, acha tu. Nilikuwa katikati, nikasikia chuma kinalia, kufumba na kufumbua niko chini." Akafungua bendeji kumwonyesha. Kidonda kilikuwa cha kweli, nyuzi saba, ngozi bado imevimba.

"Lakini mzee, daraja si lile pale?"

Fundi akageuka, akatazama. "Ndiyo lile."

"Limesimama."

"Naliona."

"Kwani limejengwa upya?"

"Nani alijenge? Si limeanguka juzi tu." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kisha akarudi kwenye kitambaa chake.

Akaenda kwa kinyozi. Kinyozi akazima mashine, akamwacha mteja na kichwa nusu, akamfungulia Hakiki picha kwenye simu. Chuma kilikuwa kimejikunja chini ya korongo, vishikio vya kijani, mabaka yale yale aliyoyaona yeye saa moja kabla.

"Nani alikutumia?"

"Mwananchi."

"Mwananchi gani?"

"Dada yangu, picha zinaingia mia kwa siku. Nikianza kuuliza huyu nani, yule nani, nitanyoa saa ngapi?" Mteja akacheka. Hakiki hakucheka.

Mhariri wa gazeti, mtu mnene mchangamfu, alimpokea vizuri. Alipoulizwa alisema waliandika "inadaiwa".

"Neno hilo halimo," Hakiki alisema.

"Basi lilikatwa, nafasi ilikuwa ndogo."

Hakiki akamwekea mezani picha aliyoipiga asubuhi ile, daraja likiwa zima. Mhariri aliitazama kwa muda mrefu, na uchangamfu ukamtoka usoni kidogo kidogo.

"Tukiandika uongo, simu hii hailali," alisema. "Habari hii haijaleta hata simu moja. Hata moja, binti yangu." Akairudisha picha kwa ncha ya kidole. "Na mimi mwenyewe siku hizi napita korongoni."

Usiku ule Hakiki hakula vizuri. Ila ubishi wake ulizidi woga. Kesho yake, jua limeshawaka, alisimama mwanzo wa daraja, akawasha kamera ya simu, akakanyaga. Chuma kilikuwa baridi na imara. Alipofika katikati alisikia kelele, akatazama chini. Watu wote korongoni walikuwa wamesimama kwenye tope wamemkodolea macho. Mwanamke mmoja akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kilio cha msiba. Wengine wakakipokea kilio.

"Mimi hapa!" Hakiki akapaza sauti. "Mbona liko salama! Tazameni!"

Walikuwa wanatazama. Lakini macho yao hayakuwa kwake. Yalishuka taratibu, yote kwa pamoja, kutoka alipokuwa amesimama hadi kwenye mawe ya korongo, yakatulia pale.

Alikimbia mpaka ng'ambo. Alimsalimu mzee wa kwanza aliyemkuta, mzee akampisha njia bila kuitikia. Simu ikatetema mkononi. Jicho la Mtaa: MWANAFUNZI ATUMBUKIA, AFARIKI. Kwenye picha palionekana kiatu kimoja juu ya jiwe. Hakiki akaangalia miguu yake. Viatu vyote viwili alikuwa navyo, na kimoja kilikuwa ndicho kile cha pichani.

Akampigia mama.

"Mama, ni mimi."

Ikaja sauti iliyokwisha kulia: "Nani anatumia simu ya mwanangu?"

Hakumbuki alifikaje nyumbani. Majirani walikuwa wameshaleta viti. Walimwona akiingia, wakasogea. Mama alikuwa kitandani, shangazi anampepea. Hakiki akapiga magoti, akautia mkono wake ndani ya mkono wa mama. Mama, kwa mazoea ya miaka ya wodini, akashika kifundo, akatafuta mapigo, akahesabu dakika nzima midomo ikicheza. Alipomaliza akahesabu tena.

"Yapo," akamwambia shangazi. Halafu akamkumbatia mwanawe kwa nguvu za kuumiza.

Gazeti lilitoa masahihisho Ijumaa, kwamba daraja limesimama na mwanafunzi yu hai, mistari mitatu ukurasa wa saba, umri wake umekosewa. Lakini watu waliyasoma. Siku kumi baadaye wawili watatu walianza kulipita daraja, kwanza wakinyata, baadaye kwa mazoea. Fundi cherehani bado anachechemea, na hakuna aliyewahi kumweleza Hakiki kilichomkata mzee huyo.

Utafiti wake ulipita kwa alama nzuri. Mwalimu alikuwa na swali moja tu: sura ya daraja ina shahidi mwingine asiyekuwa yeye? Hakiki akajibu ukweli, kwamba hana.

Nyumbani maisha yamerudi. Ila mpaka leo, wakipishana kwenye kibaraza, mama humshika mkono kama anayesalimia, vidole viwili vikitafuta kifundo, na Hakiki husimama kimya amngoje amalize kuhesabu.