Mpini wa Josiane

Matia aliingia katika duka la silaha za michezo akiwa amevaa tai, ingawa alikuwa likizoni, na mfukoni alikuwa na glavu moja ya mkewe. Glavu ya kulia. Aliichukua asubuhi kwa siri kutoka mlangoni pa nyumba yao ya Bredäng, kule Uswidi, na Josiane akaondoka kwenda kazini katika baridi ya Novemba akiwa ameuficha mkono mmoja mfukoni.

Josiane, muuguzi mzaliwa wa Bukavu, alikuwa na desturi ya kwenda kila Alhamisi pamoja na wenzake wa kazini kulenga shabaha katika chumba cha chini ya jengo moja huko Sundbyberg. Hakushindania kikombe. Alijifurahisha tu, kwa bastola ya upepo ya kuazima, na kurudi nyumbani mwenye furaha. Sasa ndoa yao ilikuwa ikitimiza miaka kumi na mitano, na Matia alitaka kumpa bastola yake mwenyewe. Kumuuliza kwanza hakukubali. Mtu aliyekuwa kiranja mkuu wa shule ya bweni kule Uganda, na sasa mkaguzi wa bohari huko Jordbro, hakuona sababu ya kuulizia habari za mke wake mwenyewe.

Muuzaji aliweka bastola tatu juu ya meza. Ya kwanza ilitumia vichupa vya gesi, na Matia akaikataa kwa kuwa ingemlazimu Josiane kununua vichupa kila mara. Ya pili ilikuwa nzuri mno na nzito. Aliinyoosha mbele kwa dakika nzima, akaamua kwamba anayecheza hapaswi kurudi nyumbani na bega linalouma. Ya tatu ilikuwa nyepesi, ikijazwa upepo kwa kuvuta wenzo mara moja tu. Hiyo ndiyo aliyoichagua. Muuzaji akauliza mpini uchongwe kwa mkono upi.

"Wa kulia, bila shaka," Matia alijibu, kwa sauti aliyowahi kuitumia gwarideni.

Muuzaji aliipima glavu, akamweleza kwamba mpini wa mbao ungechongwa Ijumaa, na kwamba ukishachongwa haurudishwi.

Alhamisi theluji ilianguka, na Matia akaenda kumpokea mkewe kwa mara ya kwanza. Kupitia mlango wa kioo alimwona amesimama ubavu, mkono wa kulia umetiwa mfukoni, wa kushoto umenyooka mbele na bastola. Alidhani anafanya mzaha. Kisha risasi tano zikaingia katika duara jeusi.

"Mama Heshima," alisema walipokuwa wakitembea kuelekea kituoni, "tangu lini wewe ni wa kushoto?"

"Toka tumbo la mama, Baba Heshima. Na mama mwenyewe alinifunga huu mkono na kipande cha kitenge, mpaka nikajua kula, kuandika na kusalimia na ule mwingine. Lakini bastola? Hakuna mtu alinifunza adabu ya bastola." Akamtazama, kicheko kikimshinda. "Mkaguzi mzima. Makasha ya Jordbro unayajua mpaka pembe."

Matia hakucheka mara moja. Alikumbuka ukumbi wa chakula wa ile shule ya bweni, na jinsi alivyopita kati ya meza akihamisha vijiko kutoka mikono ya kushoto ya wadogo, na jinsi alivyojivunia safu zilizonyooka. Hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani.

Ijumaa alisimama mbele ya duka kabla halijafunguliwa. "Nilikosea," alimwambia muuzaji, aliyekuwa na nusu ya umri wake, akaweka juu ya meza glavu ya kushoto. Mbao ilikuwa bado haijaguswa.

Jumapili, baada ya ibada, alimletea Josiane sanduku mezani. Josiane alifuta mikono, akanyoosha wa kulia kupokea, kama alivyofunzwa. Matia hakuliachia.

"Ule mwingine," alisema.

Binti yao Heshima akauliza kwa Kiswidi kama kweli baba hakuwa akijua. Josiane alipokea kwa mkono wa kushoto, taratibu, akafungua. Juu ya bastola zilikuwa zimelazwa glavu zake zote mbili.

"Kumbe mwizi ni wewe," alisema, na safari hii Matia alicheka wa kwanza.