Tenga Lililofura

Daktari Yusta alipohamia nyumba ya marehemu baba yake hapa Korogwe, wiki ya kwanza watu walimletea watoto wenye homa. Mama mmoja alishakunja mkono wa gauni apimwe presha.

"Mimi ni daktari wa sumaku, mama."

"Basi nipime kwa hiyo hiyo sumaku."

Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake alikuwa mkata mkonge. Yeye alisoma mpaka akafundisha chuo kikuu, kisha akaomba likizo ya mwaka aje kumalizia kazi yake penye utulivu. Mimi nilimfulia na kumpikia, na kazi zikiisha nasuka matenga yangu barazani. Kwetu Sindeni kazi hiyo ni ya wanaume, lakini babu alinifundisha mimi kwa sababu wajukuu wake wa kiume hawakai chini. Yakifika matano nayapeleka Mombo kwa wauza nyanya.

Kazi ya Daktari ilikuwa karatasi, kalamu na kompyuta, basi. Nilimtazama miezi mitatu kabla sijauliza.

"Samahani, Daktari. Hivi sumaku yenyewe iko wapi?"

"Humu," akagonga paji la uso. Halafu akanyanyua tenga langu lililofika nusu. "Na humu. Kuna jiwe, Mwaija, chembe zake zimejipanga hivi hivi: pembetatu, tundu la pembe sita, pembetatu tena. Kila fito zinapokutana, weka kisumaku. Kila kimoja kinataka kukipa mgongo kilicho jirani. Sasa kwenye pembetatu, viwili vikishapeana migongo, cha tatu kielekee wapi?"

"Kitahangaika."

"Basi mimi nasema vitahangaika vyote, daima, hata uvitie kwenye baridi gani. Miaka kumi na moja nasema hivyo."

Jumatatu moja ikaja barua kutoka kwa jarida la wanasayansi huko nje. Mkaguzi wao ameona kwamba hesabu ya mkono ya Daktari inasema visumaku havitulii, lakini hesabu yake ya kompyuta inasema vinatulia. Daktari amepewa mpaka Ijumaa aonyeshe ipi ni ya kweli. Akishindwa, kazi yote inatupwa.

Akaacha kula. Jumatano kaka yake Mathias akaja kumsalimia, akaegemea mlango, ukalia.

"Dada, miaka kumi na moja unasoma sumaku, na bawaba za mlango zinadondoka!"

"Njoo nikugongelee wewe hapo mlangoni, utashika vizuri."

Alijibu hivyo lakini hakucheka. Mathias alipoondoka nikamwekea Daktari chai, nikamuuliza:

"Hiyo kompyuta inajuaje nani jirani wa nani?"

"Niliiandikia orodha. Chembe thelathini na sita, kila moja na majirani wanne. Nimeisoma mpaka macho yanauma, Mwaija. Iko sawa."

"Nisomee, nisuke."

Akanitazama.

"Karatasi unaisoma kwa macho," nikasema, "na macho yamechoka. Fito ikienda siko, mkono unakataa."

Alhamisi asubuhi tukaanza. Nilipasua mwanzi kuwa fito nyembamba, na kila fito zilipokutana nikafunga kipande cha karatasi chenye namba, kwa uzi wa katani. Yeye anasoma, mimi nasuka. "Kumi na saba: jirani zake kumi na sita, kumi na nane, ishirini na mbili, ishirini na tatu." Ikaenda vizuri mpaka safu ya mwisho, ile inayozunguka kuungana na ya kwanza. Hapo fito mbili zikapishana. Kila moja ikaingia nafasi ya mwenzake. Nikaona ubavu unafura kama shavu lenye tonge.

"Daktari, limefura."

"Umekaza sana."

"Sijakaza. Hesabu pembe za tundu hili."

Akaweka kidole. "Moja, mbili, tatu, nne, tano..." Akarudia. Tano tena. Nikamsogezea tundu la pembeni yake. Saba.

Nikamwambia taratibu, maana ni mkubwa wangu, "Hilo ni kosa la anayejifunza. Anafika kuzungusha mwisho, amechoka, anashika fito ya jirani. Hata mimi babu alinifumulisha mara nyingi."

"Kumbe miaka yote hii nimeuza tenga bovu!" Akakimbilia kompyuta miguu mitupu.

Zilikuwa namba mbili tu za kubadilisha. Kompyuta ikaanza kukokotoa upya, na sisi tukakaa. Nikabandika makande. Nikasuka tenga la pili kwa orodha mpya, likasimama limenyooka, matundu yote pembe sita. Yeye alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu tu. Jua la alasiri lilikuwa limeshafika barazani kiti kilipoanguka ndani kwa kishindo.

"Havitulii! Mwaija, havitulii! Mkono na mashine, jibu moja!"

Akanishika kiuno tukazunguka sebule nzima, makande yakaungua, tukayala hivyo hivyo. Jibu likatumwa siku hiyo hiyo.

Wiki tatu baadaye aliniita kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Kazi imekubaliwa. Mkaguzi mwenyewe ameandika kwamba sasa hana la kupinga. Akanisomea mwisho wa kazi yake, mahali pa shukrani: Mwaija Kibwana, msusi wa matenga, Sindeni, aliyeliona kosa. Majirani wakapiga vigelegele, hata yule mama wa presha.

"Tena mkaguzi anaomba picha ya tenga," Daktari akasema, simu mkononi. "Simama hapo."

"Si ameomba tenga tu?"

"Ataona na mikono iliyolisuka."

Nikashika lililofura kushoto, lililonyooka kulia, nikacheka meno yote nje.