Mbwa Katika Nyumba ya Eda

Nyumba ya eda haitaki mengi. Haitaki manukato, haitaki wanja, haitaki kicheko cha kuvuka ukuta. Na mbwa, jamani, mbwa ndiyo kabisa! Lakini Bi Salha aliingia eda fletini kwake Peckham na mbwa yumo ndani, tena si kijibwa cha kubebwa kwapani. Lilikuwa dude la kijivu, refu, mbavu zinahesabika, limelala juu ya kochi la marehemu na macho yake mlangoni.

Marehemu, Muhiddin, aliendesha basi London miaka ishirini na sita. Yeye na mkewe walitoka Unguja mwaka wa nne baada ya mapinduzi, wawili, na wawili wakabaki, maana Mungu hakuwajaalia mtoto. Siku aliyostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani. Wiki ya pili akaja na mbwa.

Salha alipiga ukelele hata jirani wa juu akashuka akidhani kuna moto.

"Muhiddin! Mbwa? Kwenye nyumba ninamosali?"

"Huyu alikuwa mbwa wa mbio, Salha. Huko uwanjani wanamfukuzisha sungura wa umeme asiyekamatika maisha. Kakimbizwa miaka minne, mguu ulipoteguka kaambiwa basi, ondoka. Mimi na wewe hatuyajui hayo?"

Salha aliyajua. Akanyamaza, na Muhiddin akauchukua ule ukimya kuwa ni ndiyo, kama wafanyavyo waume wote tangu dunia kuumbwa. Akampa mbwa jina la Mstaafu. "Mstaafu mwenzangu," alikuwa akisema, na kucheka peke yake.

Wakawekeana masharti. Chumba cha nyuma na kile kiuwa chake ni vya mbwa. Salha hamgusi. Na Muhiddin akishakaa naye haji mezani mpaka apite uani kwenye ndoo ya udongo, maana sisi watu wa Shafi tunajua: alipofika mbwa kwa mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Miaka miwili Muhiddin aliosha bila kununa, hata siku za theluji, vidole vimemwiva kwa baridi. Salha akimsimamia kwenye kizingiti na kumhesabia.

"Kikavu kwa kikavu hakinajisi," Muhiddin alijitetea kuhusu manyoya.

"Na ulimi wake?"

"Si ndio huo naoshea, bibi wee!"

Na kusema kweli, mbwa mwenyewe hakuwa na makuu. Alikuwa habweki. Ngazi hakuzijua, kioo hakukijua. Siku ya kwanza aliupiga mlango wa kioo wa uani kwa paji la uso, kisha akasimama ameinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekosa. Mapajani manyoya yalikuwa yamemtoka kwa kulalia mbao, na ndani ya kila sikio ameandikwa nambari kwa wino wa kijani. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alikuwa na kochi lake na koti lake la baridi. Akimpenda mtu harukii wala halambi. Huja akasimama ubavuni, akamuegemea mguu kwa uzito wake wote. Hata kwa Salha alijaribu mara nyingi. Salha akisogea, na mbwa nusura aanguke.

Bibi wa kile chama cha kuwatafutia nyumba mbwa waliostaafu alimpa Muhiddin kanuni mbili. Asifunguliwe kamba nje hata siku moja, kwa sababu akiona kinachokimbia masikio yake huziba. Na mlango wa mbele usiachwe wazi. Kanuni ya pili Muhiddin aliifanya wimbo. Kila atokapo: "Mlango, Salha!"

Ijumaa moja ya Februari alitoka kwenda kusali. Akasimama kizingitini akifunga vifungo vya koti. "Mlango, Salha. Na umwangalie mwenzangu mpaka nirudi."

"Nenda, nitamwangalia," Salha alijibu kutoka jikoni. Hata hakugeuka.

Alifia kwenye basi la ghorofa, akirudi, kiti cha juu cha mbele. Dereva alifika kituo cha mwisho akadhani mzee kalala.

Wanaume wakamchukua wakamzika. Salha aliambiwa kwa simu kwamba mvua ilinyesha, kwamba kaburi liko kushoto ya njia. Kila mwanamume aliyekuwapo alimtilia udongo mara tatu, na wengine walikuwa wapita njia tu wa msikitini, hawakumjua hata kwa sura. Yeye, mkewe wa miaka thelathini na tano, alikuwa kasimama jikoni anaangalia maziwa yasimwagike. Hakulia. Watu wakasema ana subira, mashaallah. Haikuwa subira, kilio kilimkwama tu, hakipandi wala hakishuki.

Wifi yake Shemsa, dada wa marehemu, akahamia pale kumsimamia eda. Huyu alikuwa mwanamke wa kauli na vitendo, na siku ya nne tu alishaipata karatasi ya mbwa.

"Hapa pameandikwa ukishindwa unamrudisha kwa wenyewe. Haya, simu hiyo. Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, na ndugu yangu anazihitaji dua."

"Aliniambia nimwangalie mpaka arudi."

"Salha, kaka yangu kafa. Harudi."

"Najua harudi! Sasa mwisho wa ahadi uko wapi? Niambie wewe, unajua kila kitu."

Shemsa akaikunja ile karatasi, akairudisha alikoitoa.

Basi mbwa akabaki, na kazi ya kumtoa nje ikaangukia kwa yule jirani wa juu, Njoroge, Mkenya, dereva wa gari la kusambaza mizigo. Alikuja mwenyewe akabisha. "Pole sana, mama. Huyu jamaa nitamtoa mimi, asubuhi nikienda kazi na jioni nikirudi. Wewe kaa tu." Mungu amlipe. Lakini mbwa alikuwa akienda kama anayesukumwa, akirudi hali. Chakula cha siku mbili kilitosha wiki. Kila alasiri, saa ile ya Muhiddin kumtoa, alisimama mlangoni pua kwenye upenyo, akangoja mpaka miguu ikaanza kumtetemeka.

Salha naye hatoki. Ndiyo eda: miezi minne na siku kumi, kuta nne. Kwa hiyo ikawa wawili hao ndio waliomo ndani mchana kutwa, Shemsa akienda sokoni. Salha akaanza kumsemesha, kwa mbali, bila kumtaja jina. "Wewe, kula." "Wewe, hata mimi siwezi, lakini nakula." Siku ya ishirini na tatu mbwa alikuja akamuegemea, na Salha akachoka kusogea. Kikavu kwa kikavu, alijiambia. Akasimama pale na ule uzito kwenye paja, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile akahisi kuwa kuna mwingine anayejua ni nani aliyekosekana. Huyu asije akampotea. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu, na aliona haya kuliomba.

Ikaja arobaini. Khitma ya wanawake ilisomwa pale pale fletini, mchana baada ya adhuhuri. Njoroge alishamtembeza mbwa asubuhi, na Salha akamfungia chumba cha nyuma. Kuhusu mlango wa mbele alisema mara moja.

"Shemsa, mlango ufungwe. Watabisha hodi."

"Nyumba ya msiba inafungwa mlango? Watu watasema tumewafukuza!" Na Shemsa akauwekea kiatu usijirudi.

Kweli, kwetu haifungwi. Aliyefiwa habishiwi hodi, huingiliwa tu. Salha alijua hivyo tangu utoto wake, akaona haya kubishana mbele ya wageni. Akachukua juzuu yake, akakaa.

Bibi mmoja aliyetoka Rayners Lane, amelowa, alitafuta pa kuweka koti. Akafungua chumba cha nyuma.

"Mbwa! Jamani, mbwa!"

Nawaambieni, ungetosha mkono mmoja. Mkanda alikuwa nao shingoni, na wala hakuwa akikimbia; alikuja kwa mwendo wake wa pole, masikio nyuma, anatafuta pa kutokea kelele. Korido imejaa wanawake. Lakini wote wana udhu, wote wamevaa nguo za kusalia, na kila mmoja akakusanya nguo zake akajibandika ukutani, njia ikawa nyeupe mpaka mlangoni. Na wa mwisho, pale pale mlangoni, alikuwa Salha. Alikuwa ameinuka kumpokea mgeni, juzuu mkono wa kushoto. Mbwa alimpitia karibu hata akasikia pumzi yake kwenye vidole.

Mkono wa Salha ukarudi nyuma.

Haukuuliza. Ulirudi wenyewe, kama ulivyozoea miaka miwili. Mbwa akamtazama, akangoja kidogo, kisha akatoka. Nje kulikuwa na paka.

Salha alimwona akikimbia. Miaka miwili hajapata kumwona hivyo. Yule mlegevu wa kochini alijikunja na kujinyoosha mara tatu, barabara ikawa haina mtu.

"La kuvunda halina ubani," Shemsa akasema. "Kaenda, kaenda. Rudi ukae." Kisha akaona Salha anachukua koti la Muhiddin na ile kamba. "Unakwenda wapi? Salha! Uko edani!"

"Kwa dharura inajuzu."

"Mbwa si dharura!"

"Ningeweza kumshika," Salha alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Alikuwa hapa, Shemsa. Ningeweza kumshika, nikaurudisha mkono. Nipishe."

Alitoka na makubadhi ya ndani, mvua hiyo. Siku arobaini hajakanyaga nje, na mwanga ukamuumiza macho. Kwenye duka la ndizi na mihogo alionyesha kwa mkono urefu wa mbwa, wakamwelekeza. Kwa wasusi wa nywele wakamwelekeza tena. Wala hawakumcheka, wanawake wale wa saluni walitoka na vitana mikononi wakasimama mvuani mpaka akapinda kona.

Alimkuta kwenye bustani kubwa, uwanjani. Paka hayupo tena, hakuna sungura, hakuna chochote. Mbwa alikuwa anazunguka. Kushoto, kushoto, duara moja kubwa, kama alivyofunzwa, anakimbilia kitu asichokiona mtu mwingine. Ule mguu wa zamani ulikuwa unachechemea na bado hapunguzi. Siku arobaini hajala la maana, na anakimbia kama anayedaiwa.

"Wewe!" Salha akaita. "Wewe!" Hakusikia. Salha akaingia kwenye nyasi, matope yakamvua kubadhi moja, akaita kwa jina ambalo hakuwahi kulitamka: "Mstaafu! Basi, mwanangu! Mstaafu, basi!"

Masikio yakasimama. Akauacha mzunguko, akaja moja kwa moja, akapunguza, akatembea. Hatua za mwisho alizihangaikia. Alipofika akafanya lile lile alilolijua: akamuegemea. Salha hakusogea. Lakini miguu ya mbwa haikushika, akateleza mguuni pake mpaka chini.

Salha akakaa matopeni, akapakata kile kichwa kirefu. Ulimi ulikuwa nje, mate na povu vikamlowesha mikono, na nguo zake za eda, mpaka mapajani. Moyo wa mnyama ulipiga ovyo, ukapunguza. "Niko hapa," alimwambia. "Tulia. Hufi peke yako, wewe hufi peke yako." Alimshika masikio yale yenye nambari mpaka hakukuwa na cha kushika zaidi.

Aliyewakuta pale ni Njoroge. Shemsa ndiye aliyempigia simu kazini kwake. Njoroge alivua koti, akamfunika mbwa, akambeba mpaka garini, akaenda kumchimbia shimo kwenye kile kiuwa, na wageni wa khitma wakiangalia kwa dirisha la jikoni. Alipomaliza akasema, "Pole, mama," akapanda kwake.

Wageni wakaondoka. Shemsa akatoka uani na ndoo mbili, ya maji na ya udongo. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Lete mikono," alisema. "Kisha nguo. Kisha tutamuuliza shekhe kuhusu huko kutoka kwako."

Akammiminia maji kwa kata, mara ya kwanza. Kisha akamsogezea ndoo ya udongo. Salha akatia mkono, akachota, na pale akasimama. Udongo ule wa baridi umejaa kiganjani, hauendi kokote.

"Salha. Jipake."

"Wote walimtilia," Salha akasema. "Wanaume wote. Mpaka wasiomjua. Mimi miaka thelathini na tano, Shemsa, sikumtilia hata huu. Kafa peke yake kwenye basi na mimi sikumtilia hata huu!"

Na hapo ndipo kilio kilipotoka, siku ya arobaini, kikubwa, cha kuvuka kuta zote. Shemsa alitaka kumwambia anyamaze, kwamba haifai, kwamba majirani. Lakini yeye naye alikuwa dada wa mtu, na siku ile ya maziko yeye naye alikuwa jikoni, anapanga vikombe. Akaweka kata chini, akachuchumaa, akatia mkono wake ndooni ukakutana na wa wifi yake mle udongoni. Wakakaa hivyo mvua ikiwanyea.

Eda ilikuwa bado siku tisini. Mlango wa mbele ulikuwa bado wazi, na kiatu chini yake, na hapakuwa tena na wa kufungiwa asitoke.

Baada ya muda mrefu Shemsa akajifuta uso kwa bega.

"Haya, wifi," akasema taratibu. "Lete mikono. Bado mara sita."