Mkalimani wa Ngome ya Ugumu

Mimi ndoto za mchana siziamini, hasa za mtu aliyeshiba pilau, na Hizza Semboja siku ile alikuwa ameshiba pilau na hasira juu yake. Lakini hii nitaisimulia. Ni jirani yangu: nilimwona kabla hajalala, nikamwona alipoamka, na ninavyomjua Hizza kwa ubishi wake, si jambo dogo lililomtoa kitandani vile bila viatu.

Ilikuwa Jumapili, Tanga, mtaa wa Ngamiani, joto la kuivisha ndizi. Tangu asubuhi Hizza alikuwa akibishana kwenye simu, katika kundi la mashabiki wa Taji la Kutu. Ni moja ya yale magemu ambayo mchezaji anavaa nafsi ya mtu mwingine, anapewa nchi nzima ya kutembea, anachagua aseme nini, amsaidie nani, amuue nani. Sehemu ya tatu ilikuwa imetoka, na waliolitengeneza walikuwa wamelipunguza: maneno yamekatwa zikabaki picha, majibu yote yamekuwa vikatuni vitatu, cha kucheka, cha kununa na cha upanga, na mshale wa dhahabu unamwonyesha mchezaji pa kukanyaga. Basi kundi likagawanyika. Wengine wakasema afadhali, watu wana kazi na watoto, nani ana muda wa kupotea msituni? Wengine wakasema wameagiza ugali wakaletewa uji. Na katika hao wa uji hakuna aliyekuwa mkali kama Hizza. "Zamani palikuwa na yule mama wa kisimani," aliandika, "anakusimulia wanawe waliokufa, nawe unayatafuta makaburi yao mchana kutwa. Leo mna nini? Mshale! Kuna mtu anatufanya mazuzu makusudi, na mimi nataka kujua ni nani, na anapata nini."

Ndipo Mbelwa akaandika. Huyu Mbelwa ni fundi wa kuchomelea mageti, rafiki yake tangu wakicheza mpira wa makaratasi, na kwa miaka mingi kila Jumamosi walikaa wawili mbele ya televisheni moja. Mbelwa alishika pedi kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi. Hizza alisoma na kutafsiri kwa kuwa Kiingereza kilikuwa chake. Mwenzake shule iliishia darasa la saba. Sasa Mbelwa aliandika: "Jamani, mimi nimelimaliza jana. Peke yangu. Ni la kwanza maishani mwangu." Akaweka na vikopa vya furaha.

Hizza akalisoma hilo "peke yangu", akalirudia. Kisha akajibu, mbele ya kadamnasi yote: "Ndiyo maana wakaweka mshale. Wamewawekea nyinyi msiojua kusoma." Baada ya kitambo likatokea tangazo dogo la kijivu: Mbelwa ameondoka. "Mwache aende," alisema Hizza kwa sauti, peke yake chumbani, akajitupa kitandani. Lakini alijua kabisa kwamba amempoteza mtu, na kwamba mtu huyo hana wa pili. Usingizi ukamkuta hivyohivyo, simu kifuani.

Akajiona amesimama katika nchi nyeupe, tambarare, isiyo na kivuli. Miti ilikuwa ya kimo kimoja, majani yamekatwa usawa mmoja, na barabara ilitandikwa mawe laini ambayo kila moja lilichorwa mshale wa dhahabu, na mishale yote ilimwelekea yeye kisha ikageuka, ikimwita. Hapakuwa na jani lililoanguka wala ganda la muwa. Hizza, mtoto wa Ngamiani, aliingiwa na wasiwasi papo hapo, maana mahali wanapoishi watu hapakosi takataka, na pasipo na takataka kuna mtu anaficha kitu. Mara akaja mwanamke mwenye viganja laini na sauti ya kubembelezea mtoto. "Karibu baba," alisema, "jina langu Wepesi. Umechoka, nakuona. Usijisumbue kuuliza, njia inajua unakokwenda." Hizza akarudi nyuma. Njia imejuaje, na yeye mwenyewe hajui?

"Umefanya vyema kusita," ilisema sauti ubavuni pake. Alikuwa mwanamume mwembamba, amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine katika jua lile, na mifuko yote ya makoti hayo ilikuwa imeshonwa. "Mimi ni Shaka. Nimefuatana nawe tangu asubuhi, hukunitazama tu. Sikiliza, ndugu yangu: rahisi huvunja upishi. Huyu mama anawapa watu kila kitu, wala hajawahi kudai hata sumni. Wewe umeona wapi jambo kama hilo?" Hizza akasema hajaona. "Basi twende pembeni ya njia, tumchunguze," alisema Shaka, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Wakaingia mji wa Wepesi. Loo, ulikuwa mji wa watu wenye furaha, hilo Hizza hakulikana. Lakini kila mmoja alikuwa na mshale wake miguuni, ameinamisha uso akiufuata, na walipishana bila hata "hujambo". Hakuna aliyesimama mlangoni kwa mwenzake, hakuna hodi, hakuna aliyeuliza njia. Kando ya barabara alichuchumaa msichana mwenye shada la funguo, macho yanacheza huku na huku, nao wapita njia wakimkwepa kama dimbwi. Huyo ndiye Udadisi. Hizza akamuuliza kwa nini amekaa kinyonge. "Zamani, kaka'ngu, watu walikuwa wanapotea," alijibu, "wakipotea wananiuliza, na tukifungua mlango huu tunakuta mwingine. Siku hizi hawapotei. Wananisalimia wakifika mwisho, wakati mimi sina tena la kuwaonyesha." Hizza akamwonea uchungu, na nitasema ukweli, hata mimi nilipohadithiwa nilimwonea.

Akamgeukia Wepesi, aliyekuwa akiwafuata kimyakimya. "Sema basi, unachukua nini kwa watu hawa?" Wepesi akatabasamu, akanyoosha kidole kwenye mshale. Hizza akauliza tena, kwa ukali. "Nachukua maswali yao ya njiani," alijibu mwishowe, bila aibu. "Nayaweka tu, siyatumii, na hakuna aliyewahi kurudi kuyadai. Lakini baba, wewe unayaulizia kwa uchungu sana. Yalikuwa yakikupatia nini?" Hizza alitaka kujibu, lakini Shaka akamvuta shati. "Anakuchimba huyo," alinong'ona. "Twende zetu." Na wakaondoka mbiombio, ingawa Hizza aligeuka nyuma, kwa kuwa swali lile lilikuwa limemchoma asijue ni wapi.

Nje ya mji kulikuwa na kilima cha miiba na mawe makali, pasipo njia, na juu yake ngome nyeusi. Walipanda wakichanika, wakarudi, wakapanda kwingine, na kadiri Hizza alivyochubuka ndivyo roho yake ilivyopata raha. Hapa, alijisemea, ndipo kwetu. Mwenye ngome alitoka kuwalaki, mwanamke mpana mwenye magaga miguuni na sauti ya kusaga mahindi. "Mimi naitwa Ugumu," alisema. "Simbembelezi mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini aliyepita kwangu hasahau alikopita, na akikutana na mwingine aliyepita, wana la kuzungumza." Hizza nusura ambusu mikono.

Mlango wa ngome ulikuwa mkubwa, umeandikwa kwa lugha ya kigeni toka kizingiti hadi juu, na mbele yake watu wamejipanga juani, wamebeba vitu vyao, hawaelewi kilichoandikwa. Pembeni ya mlango palikuwa na kiti. Ugumu alikitazama kwa kijicho. "Maneno niliandika mimi, ili watu wayahangaikie," alisema. "Kiti sikuweka. Nimekikuta tu hapo, na sikipendi." Hizza akamtazama Shaka, naye Shaka akawa anaangalia mawingu. Ni nani basi aliyekiweka? Lakini kiti kilikuwa kizuri, kina mto, kina pa kuegemea, na alipokikalia kilimwenea sawasawa. Papo hapo watu wakamzunguka. "Mkalimani! Hapa pamesemaje? Bwana mkalimani, tusaidie!" Akasoma, akafasiri, na kila aliyepita alimpa shukrani na kumwinamia. Utamu wa jambo lile ulimwingia mpaka kwenye vidole vya miguu. Akawa hasomi tena upesi. Mstari mmoja anaugawa vipande, kipande kingine anakibakiza, ili watu wasiondoke.

Ikafika zamu ya Mbelwa. Alikuwa na shati lake la kazini lenye matundu ya cheche, na alinyoosha kidole kwenye mstari wa chini. "Hapa pamesemaje, Hizza?" Hizza akainama, akasoma, akasoma tena. Hakuelewa hata neno. Ni jambo jepesi kusema sijui, watoto wa chekechea wanalisema, lakini Shaka alikuwa ameshainama sikioni. "Ukisema hujui atakwenda kwa mshale," alinong'ona. "Atakwenda na hatarudi. Anakutegea huyo." Basi Hizza akakohoa, akaanza kusimulia: kwamba kuna mama mjane kisimani, ana wanawe waliokufa wakimtafutia maji, na makaburi yao yamefichwa, na anayeyaona atabarikiwa. Alisimulia kwa madoido yote. Mbelwa alisikiliza mpaka mwisho, anatabasamu, kisha akatoa kwapani kamba iliyozongwa vizuri.

"Yule mama alikuwa anauza kamba," alisema. "Nilijua siku ileile, Hizza. Si alinipa kamba mkononi?"

"Sasa mbona ulizunguka mchana kutwa ukitafuta makaburi?"

"Wewe ulikuwa unasimulia vizuri." Akaiweka kamba chini taratibu, akageuka, akaanza kuteremka kilima kuelekea nchi nyeupe, na mbele ya miguu yake mshale wa dhahabu ukawaka.

Hizza alitaka kusimama, kiti kikamshika. "Nani aliniwekea kiti hiki?" alipiga kelele. "Wepesi? Ni yule mama! Shaka, nilikuambia kuna mtu!" Shaka alikuwa anafungua vifungo vya koti la juu, kisha la ndani, bila haraka. Chini ya makoti yale alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana, anatetemeka. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na sasa sauti yake haikuwa na hila tena. "Shaka ni jina la kutembelea. Nyumbani naitwa Woga. Kiti ulikiunda mwenyewe, Jumamosi hadi Jumamosi. Mimi nilikushikia misumari tu." Hizza akaita, "Mbelwa! We Mbelwa!" akajitupa mbele kwa nguvu zake zote, akaangukia sakafu ya chumba chake.

Adhana ya alasiri ilikuwa inaisha. Alikaa pale chini, shati limemganda mgongoni, na taratibu mambo yakamjia. Ndoto haikumwambia asilolijua. Kamba ile aliiona kwa macho yake kwenye televisheni, miaka ile, baada ya kubuni hadithi ya maneno asiyoyaelewa, na alimsikia Mbelwa akicheka kidogo na kusema, "Maskini mama huyu, ana huzuni," huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Aliona kwamba Mbelwa amejua, akachagua kutoona. Na leo asubuhi, alipokuwa akiwasaka wale wanaowafanya watu mazuzu, hakuwa analililia gemu. Alikuwa ameona kwamba sasa mtu anaweza kufika mwisho bila kumhitaji, akaogopa, na woga wake akauvika koti la hekima. Msinielewe vibaya: Hizza mshale ule haupendi mpaka leo, na kwa hilo mimi niko upande wake. Msichana yule wa funguo ameonewa. Ila kumpigania yeye kwa kumtukana Mbelwa, hiyo si kupigania kitu.

Akatoka bila viatu. Nilikuwa kibarazani kwangu, nikamuuliza kulikoni, akapita moja kwa moja mpaka kwa Mbelwa. Alipobisha, Mbelwa alifungua mlango nusu, mkono bado umeushika.

"Umekuja kunisomea?" alisema.

Hizza akatikisa kichwa. "Nimekuja kukuomba radhi. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, na ulikuwa umefurahi. Niliona wivu, Mbelwa. Niliogopa hutaniita tena."

Mbelwa alimwangalia kuanzia usoni mpaka kwenye miguu yenye vumbi, kama anayepima geti lililorudishwa na mteja, akitafuta hila iko wapi. Hizza naye alisimama akiangaliwa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakudhani lolote juu ya mtu. Jirani mmoja akachungulia.

"Lile gemu nimelimaliza kweli," alisema Mbelwa mwishowe, "lakini mpaka sasa sijui yule mfalme wa mwisho wa gemu alikosa nini. Mshale ulinionyesha, nikamuua." Akausukuma mlango ukafunguka wote. "Ingia ndani unidanganye."