Madole Kumi na Mawili Nyuma ya Hati

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilinipanda hadi utosini. Nilikuwa nimeshinda Morogoro mjini nikihangaikia hati yetu, narudi Kinole nakuta wazee wameitia madole gumba nyuma. Madole kumi na mawili, ya wino wa zambarau.

Ndiyo desturi ya kikundi chetu: kila karatasi lazima kila mwanachama atie dole, asije mmoja akala peke yake. Lakini hii haikuwa karatasi hivi hivi. Ilikuwa Novemba 1996, biashara imefunguliwa, na sisi tumeuza mdalasini wetu moja kwa moja Ujerumani, bila mlanguzi. Mnunuzi alitupa hati ya kuahidi kulipa baada ya miezi sita, benki yake ikamdhamini. Miezi sita, jamani, na ada za shule ni Januari. Tusingepata fedha mapema, watu wangerudi kwa walanguzi na kikundi kingekufa.

Erick wa benki yetu ya mjini ndiye aliyenionyesha njia. Alisema kuna kampuni London inanunua hati kama hiyo. Inakata chake, inakulipa sasa, halafu yenyewe ndiyo inayosubiri. Mjerumani asipolipa, hasara ni ya kampuni, haimrudii aliyeuza. Mjomba wangu Tomasi, mwenyekiti wetu, alicheka sana, akauliza ni mwendawazimu gani anayenunua deni pamoja na hasara yake.

Kesho yake nikampelekea Erick ile hati. Akashika kichwa. Akanieleza kwamba kila aliyetia dole nyuma amejifanya mdhamini; Mjerumani akikwama, hao kumi na wawili ndio watakaodaiwa. Nikayaona mashamba ya ukoo, tuliyoachiwa na mama zetu na bibi zetu, yakipigwa mnada.

Dawa ilikuwepo. Kila mmoja aje aandike kando ya dole lake, kwa mkono wake, maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba deni lisimrudie. Erick akaninakilia kwenye kikaratasi, kisha akauliza kwa upole kama wazee wangu wanajua kuandika. Hasira zikapanda tena. Nikamwambia wazee wangu wamehitimu ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, yeye aandae kalamu tu.

Siku nne hakuna aliyelima. Watu waliandika kwa mkaa juu ya magome ya mdalasini, wanafuta, wanaandika tena. Jumatatu tukashuka mjini, wanaume na makoti yao ya harusi, wanawake na khanga mpya. Mjomba Tomasi alianza. Alitumia karibu dakika kumi, jasho linamtoka, na hakukosea hata herufi moja. Nilijivuna mpaka nikalia pale pale kaunta.

Fedha zilikuja baada ya wiki mbili, kampuni imeshakata chake. Ada zikalipwa zote.

Mwezi wa tano Erick akapanda Kinole mwenyewe kutuambia kwamba Mjerumani amefilisika, na benki iliyomdhamini nayo imefungwa. Mjomba aliendelea kubandua magome, akauliza kama hao wa London wanakuja kwetu.

Nikamwambia hawaji.

"Najua," akasema. "Niliandika mwenyewe."