Shuka la Moyo

Mama Pasi alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipojiandikisha chuo cha mtandaoni, kozi ya mwili wa binadamu. Tulikuwa naye chumba cha kufulia cha hospitali: yeye kwenye pasi, mimi kwenye kukunja, na babu mmoja mcheshi tuliyemwita Mzee Mapovu kwenye mashine.

Mwanzoni alikuwa moto. Kila alfajiri, kabla wanawe hawajaamka, alitazama masomo kwenye simu. Mwezi wa pili akaanza kupoa. Jaribio la kwanza alipata thelathini na nane kwa mia. Video sita zikalundikana.

"Naacha," alituambia wakati wa chai. "Darasa langu halina mtu. Nisipofika, hakuna anayeuliza."

Mzee Mapovu akatua kikombe. "Haya, mimi nauliza. Kesho saa nne utatueleza ulichosoma. Ukija mikono mitupu, chai yako nainywa mimi."

Tulicheka. Yeye alikubali shingo upande. Lakini kesho yake alifika na habari za mfupa wa paja, na keshokutwa za figo. Siku moja alichelewa kidogo, tukamfuata mlangoni kama vifaranga.

Siku ya moyo alichukua shuka bovu lililokwisha kuondolewa wodini, akalitandaza mezani na kuchora kwa kalamu nene. Vyumba vinne. Damu inaingia kulia, inapelekwa mapafuni kuchukua hewa, inarudi kushoto, inasukumwa mwilini kote.

"Ni mkubwa kama ngumi yako," alisema. "Unapiga kama mara laki moja kwa siku."

"Unapumzika saa ngapi?" nikauliza.

"Kati ya pigo na pigo. Basi."

Tukaweka mikono vifuani. Nilisikia kitu kikigonga chini ya kiganja changu, kikifanya kazi bila kutumwa, na mwili ukanisisimka.

"Miaka sitini na tisa," Mzee Mapovu akanong'ona, "na mimi nanung'unikia zamu ya Jumapili!"

Msimamizi wetu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kutukaripia, maana muda wa chai ulikuwa umepita. Akavua miwani, akasogea mezani. "Hebu rudia hapo pa mapafu," akasema.

Mtihani wa mwisho uliangukia Alhamisi, saa nane mchana, katikati ya zamu. Msimamizi alimpa Mama Pasi stoo ya mashuka na kiti. Ila mashine zilinguruma hadi kuta zikatetemeka. Ndipo Mzee Mapovu akapita akizizima, moja baada ya nyingine, zote saba.

Miaka kumi na miwili nimefanya kazi chumba kile, sijawahi kukisikia kimya mchana. Maji yalidondoka mahali fulani. Tulikunja mashuka polepole, hata kikohozi tulikimeza. Dakika arobaini watu wazima tulimlindia mwenzetu utulivu kama watu wanaomlinda mtoto mchanga aliyelala.

Mlango ukafunguka. Mama Pasi akatoka, akatuonyesha simu.

"Themanini na nne," alisema, kisha akakaa juu ya rundo la mashuka masafi na kulia.

Hakuna aliyekimbilia kuwasha mashine.