Sauti ya Saran Juu ya Shimo

Asubuhi hiyo Saran aliapa hataimba, na Saran akiapa, ameapa. Sababu yenyewe ya kipuuzi tu: mumewe, Balla, alisema mbele ya mawifi kwamba sauti yake ni ya mbuzi aliyekabwa na kamba. Mawifi wakacheka mpaka wakamwaga uji.

Basi pale kwenye machimbo ya dhahabu ya nchi ya Bure, Balla aliposhuka shimoni na sururu yake, Saran alishika kamba ya ndoo akanuna, kuimba akamwachia wifi yake, Nansadi. Maana huko wanawake wa kamba lazima waimbe. Wimbo ukiwepo, aliye chini anachimba kwa amani. Ukikatika, anaacha vyote anapanda. Ndivyo walivyofanya tangu enzi zile dhahabu yao ilipovuka jangwa kwa ngamia, ikawapamba wafalme wasiokijua hata kijiji chao.

Jua halijakolea, ardhi ikatitia. Kamba ikalegea mkononi mwa Saran, shimo likajaa kifusi. Wanaume wakarukia majembe, lakini Mzee Famoro, mkuu wa machimbo, akawazuia, udongo usije ukashuka zaidi. Akawakumbusha kwamba chini pale mababu walitoboa njia za kutoka shimo hadi shimo, na kila njia waliiachia upana wa mtu kutambaa. Watu wale walikuwa watu kweli! Na vijembe vyao vifupi, hawakuchimba bila kumwachia mjukuu pa kutokea. Kama Balla yu hai, yumo humo gizani, hajui aelekee wapi.

Wanawake wakakimbilia mashimo ya zamani, kila mmoja akaimba juu ya lake. Famoro akawanyamazisha; sauti zikitoka kila upande zitampoteza. Akamwonyesha Saran shimo moja kongwe, lililo mbali na kifusi.

"Imba wewe, mwanangu. Yako anaijua."

Kiapo? Kiapo gani tena. Saran alilala kifudifudi akaimba. Hofu ilimbana, sauti ikakwaruza, ikapasuka, na hakuna aliyecheka. Aliimba nyimbo za harusi, akaimba za kutwanga, zikamwishia akaanza upya. Jua likageuka, koo likawaka moto, naye anaimba tu.

Ndipo kikachomoza kichwa, chekundu kwa udongo. Wakamvuta kwa mabega. Saran alimpiga ngumi ya kifua, kisha akamkumbatia akilia bila haya. Famoro akamuuliza Balla aliwezaje kuifuata njia sahihi katika giza lile.

"Ningekosea vipi, mzee? Mbuzi wangu ni mmoja tu."

Saran alitaka kumjibu, lakini sauti ilikuwa imekauka kabisa. Ikachukua siku kadhaa kurudi, na siku zote hizo Balla hakushuka shimoni. Wenzake walimwambia Nansadi yupo, tena ana sauti tamu. Akakataa katakata, akabaki nyumbani akimchemshia mkewe tangawizi.